Metali Hujulikana kwa Joto, Si kwa Mng'ao



Mwenzangu mmoja ametetea jedwali la safu mbili linalobandikwa darasani: metali ni ngumu, nzito, zang'aa, zapitisha joto na umeme, simetali ni kinyume chake. Mwanafunzi, asema, ajue kanuni kwanza, vighairi baadaye. Nia yake naiheshimu, ila kanuni yenyewe haisimami.

Tuanze na ugumu. Sodiamu ni metali, na hukatwa kwa kisu cha mezani. Almasi, ambayo ni kaboni tupu, hukwaruza metali zote. Uzito? Sentimita moja ya ujazo ya lithiamu ina gramu 0.53 tu, huelea hata kwenye mafuta ya taa. Zebaki, metali pia, ni kimiminika, haigandi mpaka nyuzi 39 chini ya sifuri. Fuwele za iodini, ambayo ni simetali, hung'aa. Almasi, tena, hupitisha joto kuishinda shaba mara kadhaa.

Umebaki umeme. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, kijana mmoja alichonga penseli ncha zote mbili, akaiunganisha na betri za tochi, balbu ikawaka. Kitabu chake kilisema kaboni haipitishi umeme. Alinitazama, akingoja niseme kipi ni kweli.

Dawa ya swali hilo nimeipata kwa mwanakemia Humphry Davy. Novemba 1807, mbele ya Royal Society jijini London, alieleza jinsi alivyopitisha umeme katika potashi iliyoyeyuka, vikatokea vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikilipuka kwa mwali mkali. Ilikuwa potasiamu, sodiamu ikafuata. Wapo wanakemia waliokataa kuziita metali kwa sababu ya wepesi wake. Davy hakuuficha wepesi huo. Aliuweka mezani pamoja na mng'ao, kufulika, na kupitisha joto na umeme, kisha akaamua kwamba uzito si sifa ya msingi. Huo ndio uainishaji wa kisayansi: kuuliza ni sifa ipi inayobeba nyingine.

Mimi nashikilia kwamba sifa hiyo ni jinsi ukinzani wa umeme unavyobadilika kwa joto. Ukinzani wa waya wa tangsteni ndani ya balbu hupanda takriban mara kumi unapowaka, kwa kuwa atomi zinazotikisika huzuia elektroni zilizo huru tayari. Katika balbu za kale za kaboni ukinzani ulishuka, kwa kuwa joto lilifungulia elektroni zaidi.

Nitaambiwa kwamba ukinzani wa konstantan karibu hausogei. Ni kweli, lakini huo ni mchanganyiko wa shaba na nikeli uliobuniwa makusudi. Tena umetali haufungwi na elementi: bati lenyewe, likikaa chini ya nyuzi 13, laweza kugeuka polepole kuwa unga wa kijivu uliopoteza tabia za kimetali. Elementi ni ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio wa atomi na hali ya elektroni.

Kwa hiyo jedwali libanduliwe. Mwalimu asokote waya mwembamba wa chuma, auunganishe na betri na balbu ya tochi, aupashe moto. Balbu itafifia, na mwanafunzi atakuwa ameona umetali wenyewe ukifanya kazi.