Kaliandra: Lishe ya Ng'ombe, Kinga ya Udongo

Mada kwa wakazi wa kata za milima ya Usambara kabla ya maandalizi ya masika



Kila kiangazi jambo moja hujirudia katika milima hii. Majani hukauka, na kina mama hushuka mabondeni alfajiri kutafuta tita moja la majani kwa ajili ya ng'ombe aliye bandani. Maziwa hupungua wakati ambapo gharama ya pumba na mashudu inapanda. Kisha masika huwadia, na mvua iliyosubiriwa kwa hamu huuteremsha udongo wa miteremko hadi mtoni. Kaliandra haimalizi matatizo haya yote, lakini huyapunguza kwa pamoja.

Kaliandra ni mti mdogo wa jamii ya mikunde, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Kama ilivyo kwa maharage, mizizi yake ina vinundu ambamo huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuufaidi mmea. Mkulima anayetaka kuhakikisha aufukue mzizi, akate kinundu kimoja: rangi nyekundu au ya waridi ndani yake ni ishara kwamba kazi inafanyika.

Utafiti uliofanywa Embu, nchini Kenya, ulionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zina protini inayomeng'enywa sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Miti 500 humpatia ng'ombe mmoja takriban kilo 6 kwa siku, mwaka mzima. Ikipandwa kwa nafasi ya nusu mita, miti hiyo hujaza mstari wa mita 250 tu, ambao waweza kugawanywa katika kingo za matuta bila kuchukua eneo la mahindi.

Wazee wanakumbuka kwamba serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Usambara kuchimba matuta, wakakataa, na mpango ule ukavunjika katika miaka ya 1950. Kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana nyumbani. Hapo ndipo kaliandra inapotofautiana na matuta yale: mstari unaoshika udongo ndio huohuo unaolisha ng'ombe, nao hupandwa kwa hiari ya mwenye shamba.

Utaratibu wake ni huu. Mbegu zilowekwe katika maji baridi kwa saa 48, kisha zipandwe kitaluni. Miche hukaa humo miezi mitatu hadi minne. Hivyo anayelenga mvua za Machi aanze kitalu mwezi Novemba. Miche ipandwe kwa kufuata kontua, si kwa kuteremka na mlima. Mwaka wa kwanza ndio wa hatari: miche midogo hushindwa na magugu, na mbuzi mmoja aliyefunguliwa asubuhi moja aweza kuharibu kazi ya miezi mingi. Majirani wakubaliane mapema kuhusu mifugo inayozurura.

Uvunaji wa kwanza hufanyika baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili. Mti ukatwe kati ya sentimita 60 na mita moja kutoka ardhini. Ukikatwa chini mno hudhoofika. Majani yatolewe mabichi siku ileile, kwa kuwa yakinyauka humeng'enywa kwa shida zaidi. Yachanganywe na matete au majani ya Guatemala, na yasizidi theluthi moja ya chakula chote. Ng'ombe aanzishiwe kidogokidogo hadi azoee.

Majani haya yana tanini, hivyo huoza polepole yakifukiwa shambani. Ni afadhali yapite kwanza kwa ng'ombe, kisha samadi irudishwe kwenye tuta. Vijiti vilivyobaki hufaa kwa kuni, na maua yake mekundu huvutia nyuki.

Asiyeweza kupanda miti 500 kwa msimu mmoja aanze na 50 kwenye ukingo ulioporomoka zaidi. Ushauri kuhusu mbegu na vitalu hutolewa na afisa ugani wa kata.