Garanti Ni Deni: Tuahidi Nini Katika Atelie Yetu ya Komputa?



Neno letu la leo ni moja: garanti. Atelie ya kutengeneza komputa ilianzishwa kwa akiba ya chama na msaada wa wafadhili, ili vijana wetu waliorudi wapate kazi. Sasa kila kliya, kabla ya kutoa makuta, anauliza: "Ikiharibika tena, itakuwaje?" Lazima tujibu namna moja pande zote mbili.

Kati yetu kuna mawazo mawili. Wengine wanasema tusitoe garanti hata kidogo, juu umeme wa huku unapanda na kushuka, na njia inatikisa kila kitu. Wengine wanasema tutoe miezi 3 kwa kazi yote, ili tupate bakliya wengi. Sisi wa komite tunaona yote mawili yatatuumiza.

Pasipo garanti, kliya atatuona kama watu watakaohama kesho. Sisi tuliorudi tunajua vile tunaangaliwa: watakaa ao wataondoka tena? Garanti ni kusema, tutakuwa hapa. Lakini garanti kubwa kupita nguvu ni deni, na mlipaji ni sanduku la chama. Tuseme tumenunua disiki 10 kwa dola 25 na kuziuza kwa dola 30. Faida ni dola 50. Mbili zikirudi na tukinunua zingine, dola 50 zimekwisha, na kijana amefanya kazi bure.

Tena, vipande vingi tunavyotia ni mitumba. Vinatoka Dubai, vinapita Kampala, vinaingia kwa mpaka wa Kasindi. Muuzaji wa Kampala hatupi ahadi. Basi tunaleta mapendekezo haya.

Kwanza, kazi ya mikono yetu: siku 30. Kulehemu kubaya ao programu iliyowekwa vibaya mara nyingi vinajionyesha mapema, mashini ikisha kupata joto mara kadhaa. Kosa likiwa letu, tunarudilia bila malipo.

Pili, vipande. Kipya kinapata muda ule ule muuzaji alitupa, hapana zaidi. Cha mtumba kinapata siku 14, na kliya aambiwe mbele kwamba ni mtumba. Batri ya mtumba haina garanti. Tunaipima mbele yake, aone mwenyewe inakaa muda gani. Kipande kilichotolewa kinarudishwa kwa mwenyewe, asifikiri tumekiiba.

Tatu, tusichobeba: maji, kuanguka, umeme wa jenereta uliopanda ghafla, na mashini iliyofunguliwa na fundi mwingine. Ndiyo maana tutatia alama ya rangi juu ya skurubu moja, na kuandika namba ya kipande kwa karatasi.

Ine, maandishi na picha zilizo ndani. Hapo tusiahidi kitu. Tutamuuliza kliya kama ana nakala. Kama hana, tujaribu kumtolea moja kabla ya kugusa disiki. Siri yake ibaki siri. Kijana atakayefungua picha za watu atoke kwa atelie.

Tano, na hii ni ya inchi yetu. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni wanajua kuacha nyumba usiku. Aliyekimbia Oicha, ao vijiji vya Lubero, hawezi kurudisha mashini kwa siku 30. Akifika na karatasi yake, tumhesabie siku zilizobaki kuanzia ile aliyokimbia. Na mashini iliyotengenezwa Butembo ipokelewe Beni pia. Kati ya miji hii iko kilometa 54 hivi, lakini kuna siku njia haipitiki.

Yote iandikwe, na kliya asomewe kama hajui kusoma. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ingali inatumika katika inchi yetu, inasema kwa kipande cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa waliopatana. Basi karatasi yetu itatufunga sisi kwanza.

Tutalipa na nini? Kwa kila dola 10 za kazi, dola 1 iingie katika kesi ya garanti. Isiguswe kwa mushahara, wala kwa nyumba, wala kwa mkopo wa memba, hata kama ana taabu kweli. Tunajua hilo ni gumu katika chama cha kusaidiana. Lakini kliya aliyetuamini ni mdai wetu. Wafadhili na memba wote wataona hesabu ya kesi hiyo kila miezi 3.

Mkutano ujao tutapiga kura. Anayeona siku 14 ni chache, ao ni nyingi, alete na hesabu yake. Tuahidi kidogo, tutimize yote.