JICHO LA MTUNZA WANYAMA
(Maneno ya mwanachama mmoja wa Reli katika mkutano wa tawi)



Mimi ni mtu wa reli, kazi yangu ni kuunganisha mabehewa. Elimu yangu ni darasa la nane katika shule ya misheni. Leo nataka kuwaeleza habari za mdogo wangu, aliyeandikwa kazi ya kutunza wanyama wa maabara katika chuo kikuu kimoja.

Watu wakisikia chuo kikuu hudhani ni kazi ya kukaa kitini. Sivyo. Asubuhi huandika joto la chumba; panya hutakiwa wakae kati ya digrii 20 na 26. Kisha hutazama kizimba kimoja kimoja: yupi hakula, yupi amejikunyata, chupa ipi ya maji imeziba. Panya hawezi kusema, basi jicho la mtunzaji ndilo ulimi wake. Halafu humwaga maranda machafu, huosha vizimba, hutandika maranda mapya. Jumapili na Krismasi ni vile vile, maana tumbo la mnyama halijui sikukuu.

Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, Russell na Burch, waliandika kitabu wakafundisha mambo matatu: kutafuta njia nyingine badala ya mnyama, kupunguza hesabu ya wanyama, na kuwapunguzia maumivu. Ni mafundisho mema. Lakini mtunzaji naye je?

Mdogo wangu alianza kukohoa na kubanwa kifua. Siku ya mapumziko hupona, akirudi kazini hushikwa tena. Alinyamaza, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu tu, akaogopa kufukuzwa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mkataba utakwisha, lakini kifua ni chako mpaka kufa."

Tukanunua daftari. Kila siku akaandika: leo nimemwaga maranda, leo nimekohoa. Daktari alipolisoma akamwambia kwamba mkojo wa panya ukikauka huwa vumbi, na vumbi hilo huweza kuleta pumu. Kitambaa alichopewa kufunika pua hakikutosha.

Mwakilishi wa wafanya kazi akalipeleka daftari lile kwa wakubwa. Sasa wanaomwaga maranda wamepewa barakoa za kuzuia vumbi, na mdogo wangu amehamishiwa stoo ya chakula. Kifua chake bado hakijapona sawasawa. Laiti angalisema mapema!

Ndugu zangu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Penye wafanya kazi 20 au zaidi yataka pawe na kamati ya usalama. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yampa kila mtu siku moja ya kupumzika katika siku saba. Lakini sheria haitembei yenyewe. Hupelekwa na watu.

Basi yule mwenye jicho la kumwona panya mgonjwa, na ajitazame mwenyewe pia. Akiona neno, aliandike, alilete chamani.