Dhahabu na Dhamana ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu.

Mkoa wetu wa Singida umejaaliwa dhahabu. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1916 dhahabu yake ilipigwa sarafu mjini Tabora. Leo wachimbaji wadogo wanaitafuta riziki yao katika ardhi hii. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, lakini ibada ina masharti yake. Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya zebaki.

Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa, ikazikamata chembe za dhahabu zikawa donge. Donge hilo likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na hapo ndipo ilipo hatari. Ukivutwa hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea, hata mtoto aliye tumboni hasalimiki. Basi anayechoma donge lake jikoni huwavutisha sumu wale wale anaowatokea jasho.

Nayo zebaki inayomwagwa pamoja na marudio huchukuliwa na mvua, na ikifika majini huweza kuingia katika samaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Maradhi yake yalitambuliwa mwaka 1956, na wapo watoto waliozaliwa nayo kwa sababu mama zao walikula samaki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inakubali kanuni ya kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka kukomeshwa uchomaji wa donge katika makazi ya watu.

Maneno haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.) ametukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na ametuonya tusichafue maji na vivuli vya watu. Mafakihi nao wamefundisha kwamba kuzuia uharibifu hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa, na kwamba aliyeharibu cha mwenziwe ana dhamana ya kulipa.

Huenda mtu akasema, "Mimi ni maskini, nitafanyaje?" Tunamjibu kwa upole: jirani yako naye ni maskini, na mtoto wake hana fungu katika dhahabu yako, kwa nini awe na fungu katika sumu yako? Wala zakaa haiitoi sumu iliyokwisha ingia mwilini.

Basi donge lisichomwe nyumbani. Lichomwe mbali na watu, katika chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, ili zebaki irudi isipotee. Watoto na wajawazito wasiishike. Nguo za kazini zisichanganywe na za watoto. Marudio yasimwagwe karibu na visima wala malambo.

Ewe Mola wetu, tupe riziki isiyomdhuru mtu, utuhifadhie vizazi vyetu. Amin.