Tusimwambie shofere «pita tu»
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Kimanga, Uvira, kabla ya mvua kuanza



Kiangazi kinaisha. Kuanzia Septemba mpaka Mei tutakuwa tena na mvua, na leo tumeomba nafasi tuseme juu ya gari. Mtu anaweza kuuliza: chama cha watu waliorudi kutoka ukimbizini kina habari gani na gari? Iko nayo nyingi. Mihogo yetu inapita barabarani. Mgonjwa anapelekwa na gari, na maiti inaletwa na gari. Sanduku letu linatoa mchango wa mazishi kila mara. Ni afadhali litoe kidogo mapema, mazishi mengine yasiwepo.

Ndugu zetu waliopelekwa Norway wanajua kwamba huko, majira ya baridi yakikaribia, watu wanabadilisha matairi. Sheria ya kule inadai meno ya tairi la gari dogo yawe na angalau milimita 3 wakati wa baridi. Sisi hapa hatuna theluji. Tuko na matope, tuko na mito, na tuko na matairi yaliyokwisha kuwa laini kama mkono wa mtoto. Tairi bila meno haliwezi kusukuma maji pembeni. Gari linaelea juu ya maji, unakanyaga breki na halisikii.

Kwa hiyo, kila mwanachama mwenye gari, na kila shofere anayetubeba, aangalie mambo haya kabla ya mvua. Matairi yawe na meno, pamoja na lile la akiba. Breki zipimwe, kwa sababu kwenye barabara yenye maji gari linahitaji karibu mara mbili ya nafasi ili lisimame. Mipira ya kufutia kioo ibadilishwe. Ile iliyokauka na jua inapaka matope tu. Taa zote ziwake, za mbele na za nyuma, na betri iwe na nguvu. Ndani kuwe na kamba imara, jembe au pawa, tochi, na kitambaa cha kufuta kioo kikijaa mvuke.

Wanaopanda kwenda Bukavu kwa njia ya Kamanyola wanajua mteremko wa Ngomo. Pale usishuke ukiwa umekanyaga breki muda wote. Zitapata moto na kukukataa mahali ambapo chini ni korongo. Weka vitesi vya chini tangu juu, uache injini ishike gari.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi tuliorudi. Wengi wetu tulijifunza kuendesha Tanzania, ambako gari linapita upande wa kushoto. Hapa Kongo tunapita kulia. Tena magari mengi tunayonunua yana usukani kulia. Shofere akiwa nyuma ya kamio haoni mbele mpaka atoe karibu gari lote barabarani. Hapo abiria wa mbele, anayekaa kushoto, ndiye anamwambia: «Pita, hakuna kitu!» Mvua ikinyesha, tusiseme hivyo. Tukae nyuma ya kamio. Tutafika.

Sasa tufike kwenye mto, maana ndiyo sababu kubwa ya maneno haya.

Hakuna mtu wa Uvira aliyesahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulipojaa ukachukua nyumba, madaraja na watu. Mito yetu ni mifupi na milima iko karibu sana. Kimanga unaweza kuona jua, kumbe kule juu mvua imekwisha kunyesha na maji yako njiani. Yanapanda haraka. Lakini mara nyingi mvua ikikatika juu, yanashuka haraka pia. Mtu aliyengoja masaa machache anaweza kukuta mto mwingine kabisa.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, sisi wa kamati tulikuwa tunatoka Baraka na gari la kukodi. Kati ya Mboko na Makobola tukakuta mto umejaa. Shofere, kijana mdogo, akasimama. Akasema: «Wazee, hapa tungoje.» Tukamjibu: «Pita tu, kijana, maji ni kidogo. Tutalala wapi?» Akakataa mara ya pili. Tukamwambia kwamba akitulaza njiani, pesa yake hatamaliza kupata. Akaingia. Katikati injini ikazima, maji yakaingia mpaka kwenye viti. Watu wa kijiji walitutoa kwa kamba, mtoto mmoja akiwa amebebwa begani. Mashine ya kushonea ya mama mmoja ilikwenda ziwani, pamoja na unga wote.

Tuliporudi, watu walimlaumu shofere, na sisi tulinyamaza. Leo tunasema wazi: kosa lilikuwa letu. Yule kijana alijua kazi yake. Maji yanayokimbia, yakifika sentimita 30 tu, yanaweza kuanza kuelesha gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kubeba hata gari kubwa. Sisi tulimfanya aogope njaa kuliko mto.

Kamati imekubaliana mambo matatu. La kwanza: katika safari ya chama, shofere akisema tungoje, tunangoja. Mzee, mama, hata mwenyekiti, hakuna wa kumbishia. La pili: siku ya kungoja italipwa na sanduku, dola 10 kwa shofere, na chakula cha abiria. Wafadhili wetu, sehemu ya msaada wenu itakwenda huko, na mtaiona kwenye hesabu. La tatu: kabla ya safari, mmoja wa kamati atazunguka gari pamoja na shofere, na gari lenye tairi bila meno halitakodiwa, hata bei ikiwa chini.

Tukimaliza, tukumbuke Sange. Tarehe 2 Julai 2010, kamio la mafuta lilianguka pale, watu wakakaribia, wengine wakichota, moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa, na hicho kilikuwa kiangazi. Wakati wa mvua, makamio yanateleza zaidi. Ukiona la mafuta limelala, rudisha gari nyuma, waondoe watoto, wala usichote hata kopo moja.

Tulitoka hapa tukikimbia, kwa miguu na kwa mitumbwi, na tukarudi wazima. Mto wa kwetu usije ukatumaliza kwa sababu ya haraka ya kulala nyumbani. Shofere akisimama, mwambieni: asante, mwanangu, tuko pamoja.