Kabla ya Kununua Sumu ya Bustani



Ukiinua jiwe au chungu cha maua penye unyevu, huenda ukakuta viumbe wadogo wa kijivu, wenye miguu 14, ambao wakiguswa hujikunja duara kama kidonge. Wengi huwadhania jongoo. Kwa hakika ni jamaa ya kaa na kamba: hupumua kwa viungo mithili ya matamvua ya samaki, na wakikosa unyevu hufa.

Mchana hujificha, usiku hutoka kula. Chakula chao kikuu ni majani na miti iliyooza, hivyo huirudishia ardhi rutuba. Lakini wakizidi, hutafuna miche michanga na matunda yanayogusa udongo.

Basi, kabla hujatoa fedha dukani, sogeza matandazo mbali na miche. Mwagilia asubuhi, ili udongo wa juu ukauke kabla ya usiku. Jioni weka ganda la tikiti kifudifudi. Alfajiri liokote pamoja na waliokusanyika chini yake, ukawatie kwenye shimo la mboji.

Ikilazimu kutumia kiuatilifu, kikatae kilichomiminwa katika chupa ya maji. Nunua kilichosajiliwa, chenye lebo inayotaja zao lako na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nawe uzitimize. Kiumbe huyu hang'ati wala haambukizi maradhi. Sumu iliyosalia kwenye mchicha yaweza kumdhuru mtoto wako.