Nyumba Zetu na Mkutano wa Saa Nne Asubuhi

(Maneno ya katibu wa tawi mbele ya wanachama, Bungoma)

 Leo sitasema sana habari ya mishahara. Nataka tuseme habari ya mahali tunapolala, na habari ya nani anayekata shauri juu ya mahali hapo.

Mwaka uliopita niliona tangazo limebandikwa ukutani penye ofisi moja. Lilisema wananchi wote wanaitwa kutoa maoni juu ya mpango wa mji: barabara, soko, na mahali pa kujenga nyumba. Siku ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tangazo lenyewe lilikuwa kwa Kiingereza, nami nililiona Jumatatu jioni. Nikamwomba msimamizi wangu ruhusa ya saa mbili, akanipa kwa kunung'unika, nikaenda. Ukumbini nilikuta watu wa heshima, wenye ploti na wenye maduka. Mfanyakazi wa kiwanda sikumwona hata mmoja, wala mwashi, wala mama auzaye mboga Chepkube. Ramani kubwa ilitundikwa mbele, nayo imekwisha kutiwa rangi. Tuliandika majina katika daftari, tukapewa soda, mtu mmoja akauliza habari ya taa za barabarani, na ilipofika saa sita tukaambiwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Jina langu limo katika daftari hilo. Sikusema neno lolote, kwa sababu sikujua la kusema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa fikirini habari ya fedha. Chini ya sheria ya nyumba iliyotiwa sahihi Machi 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na tajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Mtu wa shilingi 20,000 hukatwa 300 kwa mwezi, na tajiri hutoa 300. Kwa mwaka ni shilingi 7,200 juu ya jasho la mtu mmoja. Wanachama mia wa mshahara huo ni shilingi 720,000. Basi nyumba zikijengwa, si zawadi tunayopewa. Ni mali tuliyochangia, na mwenye kuchanga ana haki ya kuuliza inajengwa wapi na nani atakaa ndani.

Sikuja kuwaambia mkatae kulipa. Jambo hilo limekwenda mahakamani na kurudi. Tozo ya kwanza iliingizwa katika sheria ya fedha ya 2023, na tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema si halali, kwa kuwa iliwashika watu wa mishahara peke yao na haikuwa na msingi mzuri wa kisheria. Ndipo Bunge likatunga sheria mpya, na Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikaikubali. Lakini kulipa ni jambo moja, na kunyamaza ni jambo jingine.

Hapa niseme neno kidogo kwa ajili ya wale waliokuja kwangu na malalamiko. Wako matajiri wanaosema: sasa mnajengewa nyumba, pesa za nyumba katika mshahara ni za nini tena? Msikubali. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yasema tajiri atampa mfanyakazi nyumba ya kufaa karibu na kazi, au atamlipa pesa za kutosha kupanga, juu ya mshahara wake. Amri ya mishahara imeziweka pesa hizo asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tozo haikufuta haki hiyo. Wazee wetu wa Mombasa waliacha kazi mwaka 1939 kwa ajili ya pesa za nyumba, na sisi hatutazirudisha kwa sababu ya maneno ya mtu ofisini.

Narudi kwa habari ya mpango. Mtu atasema, mambo ya ramani ni ya wataalamu, mfanyakazi atajua nini? Nitamwambia aende Kitale, si mbali. Kuanzia mwaka 2001 Baraza la Manispaa la Kitale lilifanya kazi pamoja na shirika la ITDG, ambalo baadaye liliitwa Practical Action, katika mitaa mitatu ya maskini: Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Mpango wao ulianza kwa wenyeji, ramani haikuja imekwisha kutiwa rangi. Watu wa mtaa wenyewe walihesabu kilicho chao na wasichokuwa nacho, wakasema kipi kitangulie. Nao hawakuanza kuomba magorofa. Walianza na maji, vyoo na njia za kupita. Mtu aliyeketi ofisini angeanza na nyumba, kwa kuwa nyumba huonekana katika picha. Mama achotaye maji katika kisima kilicho jirani na choo cha shimo anajua kwamba ugonjwa wa mtoto hula kodi ya mwezi mzima.

Sisemi Kitale imekuwa Peponi. Umaskini haukuondoka katika mitaa ile, na baraza lenyewe halipo tena, kwa maana tangu 2013 kazi ya mipango ya miji na nyumba iko mikononi mwa serikali za kaunti. Ninachosema ni kwamba mpangaji wa chumba kimoja aliketi na mtu wa ramani, wakafahamiana. Ikiwezekana Tuwan, itawezekana Mjini na Mandizini.

Na wakikataa kutusikiliza? Katiba ya 2010, kifungu cha 196, imelilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Si hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria nzima ya fedha ya Kaunti ya Kiambu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa kwa kweli. Tena iko sheria ya 2016 ya kupata habari: ukiomba karatasi katika ofisi ya serikali kwa maandishi, ni lazima ujibiwe kabla ya siku 21. Lakini mahakama husoma maandishi. Mtu aliyenung'unika kwenye kibanda cha chai hana ushahidi, na mtu aliyetia sahihi katika daftari akanywa soda, kama mimi, amekuwa ushahidi wa upande wa pili.

Kwa hiyo tawi litaandika barua. Kwanza tutaomba mikutano ya mpango ifanywe baada ya saa kumi na moja jioni au Jumapili alasiri, na mmoja ufanywe Chepkube penyewe, kwa Kiswahili, na ramani zitolewe mapema ili tuzione kabla ya rangi kukauka. Kisha tutauliza yale ambayo mtu wa ramani hawezi kuyajua asipoambiwa. Nyumba zikiwekwa mbali, nauli ya boda boda kwenda kazini na kurudi italipwa na nani? Anayepikia makaa atapikia wapi katika gorofa ya tatu? Maji yatapanda huko juu siku stima ikipotea? Kibarua wa shambani na mwashi, wasio na karatasi ya mshahara, watajiandikisha vipi? Na wapangaji waliopo leo juu ya kiwanja kitakachojengwa, watakwenda wapi siku tingatinga likifika, nao watakuwa wa kwanza kurudi au wa mwisho?

Najua baadhi yenu mna ploti zenu wenyewe, vyumba vinne au sita vya mabati, ndivyo vinavyowasomeshea watoto, na mnaogopa nyumba hizi zitawaondolea wapangaji. Ndugu, semeni hayo waziwazi katika barua. Ni afadhali tugombane hapa chamani kuliko mmoja wetu aende kunong'ona ofisini. Mimi kwa maoni yangu naona mpangaji wa shilingi elfu mbili hatakimbilia gorofa upesi. Lakini naweza kukosea, na mwenye ploti anawajua wapangaji wake kuliko mimi.

Jumapili ijayo kila mmoja alete karatasi yenye mambo manne: kodi anayolipa, nauli ya kwenda kazini, anachota maji wapi, na vyumba vingapi vinatumia choo kimoja. Majina hatutayaandika. Mwenye nyumba asiyetoa risiti, andika tu kiasi unachompa. Barua itapigwa taipu, itapelekwa kwa kaunti na watu watatu, nao hawataondoka mlangoni mpaka nakala yetu ipigwe muhuri na kutiwa tarehe. Nataka mwenye mwandiko mzuri ajitolee kuandika rasimu leo hii kabla hatujatawanyika, kwa maana wangu mnaujua.